Tupeane uzoefu: ulifanyaje Kiingereza chako kikaacha kukatika neno kwa neno?

Wakuu, salaam. Kiingereza cha kuandika ninacho, tatizo ni mdomo: neno, kituo, neno, kituo, kama daladala asubuhi. Naanza na yangu.

Nilikuwa mhudumu mgahawani Nungwi. Mgeni kamaliza samaki, nikamwuliza kama hatojali niondoe sahani. Akajibu "Not at all." Mimi nikasikia "notatol". Total! Nikakimbilia kaunta, nikarudi na bili. Mama wa watu hata chai hajaagiza, akadhani namfukuza.

Haya, nyie mmepitia yapi?

Mpokea Simu: Mimi nilikuwa nawaambia wateja "holdi oni". Dada mmoja kazini akaniandikia kwenye karatasi: hol-don. Basi. Tangu hapo kila fungu la maneno naliandika kwa silabi zetu: pick it up ni pi-ki-tap, turn it off ni te-ni-tof, an hour ni a-nawa. Ulimi wetu hautaki konsonanti ikae peke yake mwishoni, ndiyo maana tunaibandika irabu: "gudi", "piki". Ya nini kuongeza yako wakati neno la mbele lina irabu yake? Iazime.

Kijana wa Veta: Mkuu, na kama la mbele halina? Mfano good day.

Mpokea Simu: Hapo huazimi. Bandika ulimi kwenye d ya kwanza, shikilia kidogo, achia mara moja tu. Big game vilevile. Hii ilinichukua muda kuliko zote, sitawadanganya.

Ticha wa Kahama: Darasani kwangu walikuwa wanacheka, wanaona ni kujifanya Mzungu. Nikawauliza, nyumbani mnasema "baba yako" au "babako"? Kicheko kikaisha. Nikawaonyesha na mu-alimu inavyokuwa mwalimu, halafu go on: sikilizeni, kuna w ndogo inapita pale katikati, go-won. See it inapitisha y. Hawakusumbua tena.

Niko Leicester: Huku Uingereza wana lingine, wanachomeka r ambayo haijaandikwa popote. Idea of it utasikia "aidiarovit". Mwaka mzima nilidhani masikio yangu mabovu. Ila msikimbilie kuiga, Wamarekani wengi hawana hiyo.

Bint Tanga: Mimi niliunganisha mpaka nikaharibu. Kwenye usaili nilimwaga sentensi nzima kwa pumzi moja, mzee wa jopo akaniomba nirudie, mara mbili. Siku hizi najirekodi kwa simu. Naunganisha ndani ya fungu, kwenye mkato napumua. Kazi ile sikupata, lakini.

Mleta mada: Pole, dada. Mimi leo nimeshinda mbele ya kioo na no-ta-tol yangu. Mke wangu kapita mlangoni, kauliza ni bili ya nini.