Bima imekataa MRI: niandike udhaifu wa mguu ambao haupo?

Tabibu_Chake
Assalaam aleikum. Naomba ushauri, hasa kwa wanaoijua kazi ya madai. Mgonjwa ana miaka 46, mpakiaji mizigo bandarini. Maumivu ya kiuno yanashuka mguu wa kushoto mpaka kisiginoni, wiki ya 5 sasa. Fomu ya kuomba kibali cha MRI (picha ya ndani ya mgongo) ilikwenda na msimbo wa ugonjwa M54.5, bima ikairudisha: haijakidhi vigezo. Mkewe anataka niandike kuwa mguu umeregea na mkojo unamponyoka, na baadhi ya wenzangu wanasema hivyo hivyo. Mguu haujaregea. Lakini anayesaidiwa ni mgonjwa, mimi sipati hata senti. Ubaya uko wapi?

Mkaguzi wa Madai
Waaleikum salaam, dokta. Hilo la mkojo usiliguse kabisa. Maumivu ya kiuno pamoja na mkojo kuponyoka ni dalili ya kubanwa mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo, dharura ya kuonwa na mpasuaji siku hiyo hiyo. Ukiandika leo, kesho utaulizwa: mbona hukumpa rufaa ya haraka? Mbona faili halisemi kama ana ganzi sehemu za siri? Mkaguzi haisomi fomu peke yake. Anaiweka pamoja na kurasa za faili, dawa zilizotolewa na jibu la picha. Fomu inasema mguu umeregea, faili la siku tatu nyuma linasema nguvu 5/5, yaani kamili. Dai zima linakataliwa, na bili inaweza kumrudia huyo huyo uliyetaka kumsaidia.

Yakhe_Mkoani
Msimtwike daktari lawama zote, jamani. Mchango unakatwa kila mwezi bila maswali, ikifika zamu ya mgonjwa ndipo vigezo vinapotafutwa. Marekani waliwauliza madaktari, matokeo yakachapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2000. Waliojibu walikuwa 720, na asilimia 39 walikiri kutumia walau mbinu moja kati ya tatu ndani ya mwaka mmoja: kuzidisha uzito wa ugonjwa, kubadilisha ugonjwa kwenye bili, au kutaja dalili ambazo mgonjwa hana. Wote hao si wezi. Wamebanwa.

Muuguzi_Wete
Wamebanwa, kweli, na hasira yako naielewa. Ila ndugu yangu, faili linaishi kuliko hiyo MRI. Huyu ni mpakiaji. Akiomba kazi nyengine, anayempima anasoma "mguu umeregea". Akihamia bima nyengine, wanamwambia ana ugonjwa uliokuwepo kabla. Na kubwa kuliko yote: siku mguu ukiregea kweli, hakuna atakayejua umeanza lini, kwa sababu faili lilishasema umeregea tangu zamani. Mpasuaji huamua kwa kuangalia kama udhaifu ni mpya au wa zamani.

Daktari wa Mifupa
Tabibu, fomu yako ilikuwa dhaifu bila ya wewe kudanganya. M54.5 ni maumivu ya kiuno tu. Yanayoshuka mpaka kisiginoni ni M54.4, na hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Mlaze chali, unyanyue mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, andika nyuzi na upande. Kisha ainue kidole gumba cha mguu dhidi ya mkono wako, hapo unapima L5, mshipa wa fahamu unaotoka kiunoni. Asimame kwa ncha za vidole, mguu mmoja mmoja, mara 10: hiyo ni S1, mshipa wa chini yake. Gonga kano ya kisigino kwa nyundo, miguu yote miwili, ulinganishe. Hichi kipimo cha mwisho wengi hukiruka, nacho ni cha dakika moja. Ukikuta 4/5 andika 4/5, ukikuta 5/5 andika 5/5.

Halafu matibabu. "Ametumia dawa bila nafuu" haimwambii kitu daktari wa bima. Andika dawa gani, miligramu ngapi, siku ngapi, fiziotherapia vikao vingapi. Pasipo dalili za hatari, miongozo mingi hutaka wiki 6 za matibabu kabla ya picha, kwa kuwa wengi hupata nafuu bila ya kupasuliwa. Wako yuko wiki ya 5, kwa hiyo kukataliwa huku hakukuwa uonevu. Malizia barua kwa kusema picha itabadilisha nini: ikionyesha mbano upande huo huo, anakwenda kwa mpasuaji.

Tabibu_Chake
Ahsanteni. Na wakikataa tena?

Mkaguzi wa Madai
Dai sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Omba kuzungumza na daktari mshauri wa bima, daktari kwa daktari. Vibali vingi hukwama kwa karani anayelinganisha msimbo na orodha tu. Na mgonjwa mwambie mbele ya mkewe: mkojo ukiziba au ukimponyoka, akipata ganzi sehemu za siri, au akianza kuburura mguu, asisubiri kibali cha mtu. Aende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Tabibu_Chake
Nimempima jioni hii. Kushoto nyuzi 45, gumba 5/5, kano ya kisigino cha kushoto hafifu kuliko ya kulia. Hiyo sikuipima mwanzo. Barua inakwenda hivyo hivyo, wiki ya 6 ikitimia.