Mjadala: Wamarekani wa Salem hapa Unguja, walikuwa afadhali ya Mwingereza?

Msumari wa Jahazi
Juzi harusini bwana mmoja kasema Wamarekani hawakuwahi kututawala, walikuja kufanya biashara kwa heshima zao. Watu wakaitikia, mimi nikabaki na pilau langu. Wale walikuja kwa shida! Walipojitoa kwa Mwingereza, akawafungia bandari zake za visiwa vya Karibi. Wakahangaika: 1784 meli yao Empress of China ikaenda Canton, Uchina, watu wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, wakafuata pilipili manga Sumatra na kahawa Mokha. 1807 rais wao Jefferson akafunga bandari zake mwenyewe amkomoe Mwingereza, akawakomoa mabaharia wake. 1812 vita. Miaka ya 1820 hao Unguja, wanatafuta pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu wa kutengenezea vanishi. Je, walikuwa na utu zaidi, au walikosa tu manowari za kutosha?

Mjukuu wa Kiponda
Utu upo. Mkataba wao wa 1839 na Sayyid Said ulikuwa ushuru asilimia 5 basi, hawakuomba hata kijisiwa cha kuanikia nguo.

Dhiraa Nne
1839 ni wa Waingereza, ndugu yangu. Wa Wamarekani ni 1833, aliuleta Edmund Roberts, ukatiwa saini Maskati. Miaka sita hiyo si midogo, ndiyo iliyomuuma Mwingereza. Halafu mambo yenyewe hayakuwa kwenye karatasi. Konseli wao, Richard Waters wa Salem, alifika 1837 akaelewana na Jairam Shivji, mshika forodha. Mtu huyo huyo anakutoza ushuru, anakununulia shehena, anakutafutia pembe. Waingereza wakalia kwamba wanabaniwa.

Mjukuu wa Kiponda
Kwa hiyo nimekosea tarakimu, umepata la kuandika. Hongera mwalimu.

Mvita Halisi
Nyinyi wa Unguja mna makuu. Heshima gani ya kuuza merikani, ile nguo ya pamba ya Kimarekani? Ile ilikuwa nguo ya wapagazi na maskini. Muungwana alivaa kilemba cha Maskati.

Bi Foronya
Hapo umenigusa mwanangu, na sikuwa na nia ya kusema. Nguo ya maskini? Mimi nimelalia foronya za marekani, mama kazitarizi kwa uzi mwekundu, kila pembe ua la asumini. Ikitoka dukani ngumu, rangi kama maziwa yaliyoungua. Unaifua, unaianika, unaifua tena, hata inakuwa nyeupe na laini, na haichaniki. Zile nyingine za kung'aa zimejaa wanga, ukizitia majini zinabaki wavu wa kuvulia dagaa.

Mvita Halisi
Shikamoo bibi. Sikusema foronya, nimesema mavazi.

Bi Foronya
Marahaba. Kwani foronya haivai mto?

Kariakoo Mpya
😂 Kwetu marekani tunaijua ya sanda.

Bi Foronya
Sanda ni bafta.

Kariakoo Mpya
Bafta kwa wenye nacho, bi mkubwa. Babu yangu kazikwa na marekani na kaburi halijalalamika.

Dhiraa Nne
Wakati mnazika, mimi niseme jambo. Waters alikuwa mlokole, mtu wa kupinga utumwa waziwazi. Na nguo aliyokuwa akiuza ilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Akinunua pembe, imeshuka pwani begani kwa mtu, na wengi wa hao hawakuajiriwa. Mnaniambia utu?

Mjukuu wa Kiponda
"Mlokole" mwaka 1837? Nani anakosea tarehe sasa?

Dhiraa Nne
Ni namna ya kusema!

Mjukuu wa Kiponda
Na 1839 ilikuwa namna ya kusema.

Pori kwa Pori
Mvita, njoo huku bara ndipo uite nguo ya maskini. Ile ilikuwa fedha! Mikono minne shuka moja, shuka mbili doti. Msafara ukipita kwa mtemi, hongo, yaani ushuru wa njia, inahesabiwa kwa doti na ushanga. Na mkono ulipimwa kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hiyo mtemi mjanja alileta mpimaji mrefu.

Mvita Halisi
Hiyo ya mpimaji mrefu umeitunga.

Pori kwa Pori
Nimeitunga. Lakini wewe ungemleta mfupi?

Msumari wa Jahazi
Jamani, swali. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, pamba ikakatika, nguo za Bombay na Manchester zikajaza pengo. Mmarekani akasukumwa pembeni, jina lake likabaki kwenye kitambaa. Mwingereza hakuacha jina kwenye nguo yoyote, lakini 1890 alikuwa na nchi. Nani alikuwa mwerevu?

Kariakoo Mpya
Subiri kwanza. Doti si ni kanga?

Bi Foronya
Ndiyo hiyo hiyo, pande mbili zisizokatwa. Ukiuziwa upande mmoja umepunjwa, rudi dukani.

Kariakoo Mpya
Basi nimepunjwa tangu Idi.