Kuanza mchezo wa vita vya kihistoria kwa vijisanamu bila gharama kubwa

Mpendahistoria: Ndugu zangu, salaam. Natamani kucheza mezani pigano la Tanga la Novemba 1914, lakini vijisanamu vya askari vya milimita 28 vinanishinda bei. Nianzie wapi?

Fundi Rangi: Karibu sana, ndugu. Usinunue kitu kabla hujacheza. Kata vipande vya kadibodi vya sentimita 4 kwa 2, uandike jina la kikosi juu ya kila kimoja, kisha ucheze mara mbili tatu kwa kanuni za bure zinazopatikana mtandaoni. Ukiona hamu ingalipo, ndipo utafute askari wa plastiki wa kipimo cha 1/72 (yaani wadogo mara 72 kuliko mtu halisi), ambao huuzwa makumi kwa boksi moja. Waoshe kwanza kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kwa sababu mafuta ya kiwandani huzuia rangi kushika. Mimi niliiruka hatua hiyo, na rangi ikabanduka kwenye bunduki zote kabla mchezo wa kwanza haujaisha.

Msomaramani: Naongezea kuhusu Tanga yenyewe. Waingereza waliteremsha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya takriban 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani. Kwa hiyo kijisanamu kimoja kikiwakilisha askari 100, utahitaji 90 tu. Weka reli na mashamba ya mpira, tena usiwasahau nyuki, ambao kweli waliwashambulia wapiganaji siku ile: dadu ikitoa 6, kikosi kilichomo shambani kirudi nyuma.

Mpendahistoria: Asanteni sana. Kadibodi ninayo, na jioni hii naanza kukata.