Tupeane uzoefu: siku nyota wa timu yako ya hoki alipomaliza mkataba akaondoka, ulipokeaje?

Mtanga wa Tampa

Wakuu habari za humu. Najua wengi wetu ni watu wa mpira na hii hoki ya barafuni mnaisikia tu, ila tuko wengi huku Marekani na Kanada imetuingia damuni kabisa, sasa naomba tupeane uzoefu, nyota wako alipomaliza mkataba akaenda zake kama mchezaji huru na timu haikupata kitu, wewe ulifanyaje?

Naanza na yangu. Niko Tampa, Florida, kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Mzee ninayemhudumia ndiye kanifundisha huu mchezo, kiti chake cha magurudumu amekivalisha jezi ya bluu namba 91, ya Steven Stamkos wa Tampa Bay Lightning. Stamkos walimchukua 2008 akiwa dogo wa miaka 18, chaguo la kwanza kabisa la mwaka ule timu zinapogawana vijana wapya, akakaa misimu 16, nahodha tangu 2014, magoli 555, kombe la Stanley, ndo ubingwa wenyewe wa ligi yao, 2020 na tena 2021.

Hapo 2020 lazima niseme kidogo. Alikuwa majeruhi hatua zote za mtoano, hajacheza hata mechi moja, fainali na Dallas mechi ya tatu ndo wakamwingiza. Akacheza dakika 2 na sekunde 47 tu mechi nzima na ndani ya hizo akafunga, shuti lake la kwanza, halafu mwili ukagoma hakurudi tena. Mzee akilisimulia lile goli anainua mkono wa kulia juu mpaka shuka linadondoka, mimi naliokota naye anaendelea kusimulia.

Sasa Septemba 2023 Stamkos akawaambia waandishi wa habari amesikitika kwamba kiangazi chote hakuna aliyekaa naye kuzungumzia mkataba mpya. Mimi hapo nikajua huyu anaondoka, mzee akakataa katakata. Msimu ukaisha, Juni 30, 2024 timu ikachukua kwa wenzao haki ya kuzungumza mkataba na mshambuliaji Jake Guentzel, kesho yake Julai 1 dirisha la wachezaji huru likafunguliwa wakampa Guentzel miaka 7 kwa dola milioni 63, na siku hiyohiyo Stamkos akasaini Nashville Predators miaka 4 milioni 32. Piga hesabu, mmoja milioni 9 kwa mwaka mwingine 8. Naelewa ligi yao ina kikomo cha mishahara, timu haiwezi kuvuka hata iwe na hela vipi, na Guentzel alikuwa na miaka 29 wakati Stamkos alikuwa na 34. Vyote naelewa. Ila mtu aliyekutumikia miaka 16 unamwita mapema mnakaa mnaongea, mkishindwana mnashindwana, mwaka mzima unamuacha anasubiri simu kweli?

Na siku zilezile nyumbani Chama anatoka Simba anaenda Yanga, na mimi Simba toka tumboni mwa mama, kwa hiyo meseji za kaka zangu toka Tanga zinaingia huku mzee ameniambia zima TV. Nikazima. Tukakaa tu. Sijui niliwahi kuona nyumba imetulia vile mchana.

Haya karibuni.

Mama Wawili

Kaka pole sana na umpe pole mzee. Mimi nilikuwa Long Island, New York, timu Islanders, na wetu alikuwa John Tavares, naye namba 91 ndugu zangu, sijui hii namba ina nini. Chaguo la kwanza 2009, miaka 9 kwetu, nahodha, na kila akiulizwa anasema anapenda kubaki. Julai 1, 2018 akasaini Toronto miaka 7 milioni 77, halafu akaweka picha yake ya utotoni amelala kitandani na mashuka ya Toronto. Ile picha ndo ilituua. Kuondoka tungevumilia, ila kutuonyesha kwamba miaka yote alikuwa anaota kwingine, jamani.

Aliporudi ilikuwa Februari 28, 2019, Nassau Coliseum, na mimi nilikuwepo na mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la tatu. Sijawahi kusikia zomeazomea ya namna ile, akigusa tu paki, kile kisahani wanachokipiga kwa fimbo, ukumbi mzima unanguruma, watu wakatupa jezi, wakatupa nyoka wa plastiki. Na mimi nilizomea, nasema kweli, nilizomea mpaka sauti ikakauka. Mwanangu akanivuta koti akauliza mama kwani alituibia? Nikakosa cha kumjibu nikaendelea kuzomea. Tulishinda 6-1 na msimu ule tukawatoa Pittsburgh mechi nne bila majibu, lakini nikikumbuka usiku ule kinachonijia ni lile swali la mtoto.

Scarborough

@Mama Wawili sisi ndo tuliompokea. Hapa Toronto watu walilia kwa furaha maana ni mtoto wa hapahapa, kazaliwa Mississauga, na ukumbuke Toronto haijachukua kombe tangu 1967 kwa hiyo ukiletewa nyota unaamini mwaka huu ndio wenyewe. Msimu wake wa kwanza tulitolewa na Boston mechi ya saba.

Mimi ile picha ya mashuka siioni kama dharau, ni mtoto aliyepata alichokitaka. Na 2025 mkataba ulipokaribia kuisha akasaini tena miaka 4 kwa kama milioni 4.4 kwa mwaka wakati alikuwa analipwa 11, na unahodha alishauachia kwa Auston Matthews mwaka mmoja nyuma. Mtu wa hela tu hafanyi hivyo. Najua kwenu haiponyi kitu dada yangu, nimeona niseme tu upande wetu.

Wa Mombasa Road

Mimi niko Nairobi na mjue hata huku iko. Tuna Ice Lions, vijana wanacheza kwa ile barafu ndogo ya hoteli ya Panari, na miaka mingi hawakuwa na timu ya kucheza nayo, ni kujigawa wenyewe kwa wenyewe. 2018 Tim Hortons, ile kampuni ya kahawa ya Kanada, wakawapeleka Kanada wakapata mechi ya kweli, na wakiwa kwa chumba cha kuvalia wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa hoki, wakavaa jezi ya Kenya wakacheza upande wao. Nimeenda kuwaona wakifanya mazoezi mara nyingi, hiyo barafu ukisimama kando unasikia zile viatu zikikata krrr na baridi inakupanda miguu na nje ni jua la Mombasa Road na malori.

Kwa hivyo mimi ni Crosby mpaka mwisho na siwezi sema nimepitia ya kwenu. Yeye yuko Pittsburgh tangu 2005, na Septemba 2024 akaongeza miaka 2 kwa milioni 8.7 kwa mwaka, hapo alikuwa na uwezo wa kuitisha zaidi ya hiyo na hakuna angemlaumu, akachukua hiyo inafanana na namba yake ya jezi 87. Lakini wachezaji kama huyo ni wachache, na nafikiri hata yeye angeachwa mwaka mzima bila kuitwa angewaza mambo mengine. Sote tungewaza.

Kutoka Nyarugusu

Wapendwa salaam. Mimi ni Mkongomani, nilikulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, sasa niko Nashville. Huyo Stamkos alikuja kwetu. Mara ya kwanza kupelekwa na wenzangu wa kazini pale Bridgestone Arena, ukumbi wa Predators, niliona mtu anarusha kambale mzima kwenye barafu, nikashtuka sana, mimi kwetu samaki ni mboga ya watoto siku nzima, nikaambiwa ndiyo desturi yao ya zamani. Bado sijaizoea.

Alipokuja mji mzima ulikuwa na matumaini, walimleta yeye na Jonathan Marchessault siku moja. Tukaanza msimu kwa kupoteza mechi tano mfululizo na mtoano hatukufika. Kazini watu wakaanza kusema ni mzee, wamepoteza hela. Mimi iliniuma kwa sababu najua mtu kuhamishwa mahali alipopajenga. Anafika ugenini, kila kitu kipya, nani wa kumpasia paki mahali anapopenda hajulikani bado, na wanamhesabia siku. Ndugu yangu wa Tampa, mwambie mzee kwamba huku yuko mtu anampigia makofi hata akikosa.

Mtanga wa Tampa

@Kutoka Nyarugusu nimemsomea mzee ujumbe wako nikimtafsiria, akaniambia nirudie ile sehemu ya mwisho. Nikarudia.

@Mama Wawili sisi ilikuwa tofauti. Alirudi Oktoba 28, 2024, sisi tukawa nyumbani mbele ya TV, wakaweka video ya miaka yake yote na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, hakuna aliyezomea. Mzee miguu haimruhusu kusimama ila alishika mikono ya kiti akajiinua kidogo, nikamshika kwapani, tukabaki hivyo mpaka makofi yakaisha. Tulishinda 3-2 muda wa nyongeza.

Kuna aliyeniuliza inbox kama tumenunua jezi ya Nashville, hapana. Ile 91 ya bluu bado iko kwenye kiti, naifua kwa mkono kila Jumapili maana mashine inabandua namba. Nashville wakija tena tumekubaliana Stamkos akifunga tunapiga makofi, lakini mechi tushinde sisi.

Wengine endeleeni, wa Ulaya pia sijawasikia.