Wauzaji wa "kisafisha ini", 500 mg za nini?

Wakuu, uzi huu ni wa watengenezaji na mawakala wa vidonge vya mitishamba vya "kusafisha ini na kuongeza antioksidanti". Mmezidi. Kopo limeandikwa "500 mg" kwa maandishi makubwa, ukiuliza 500 mg za nini, kimya.

Tuanze na Silybum marianum, ule mbigili wenye majani ya mabaka meupe. Kinachotafutwa mle ni silimarini, mchanganyiko wa viambato vinavyodaiwa kusaidia ini, nayo iko kwenye mbegu. Dozi iliyozoeleka ni 140 mg za silimarini mara tatu kwa siku, jumla 420 mg. Dondoo (kiini kilichokamuliwa kwenye mmea) lililopimwa vizuri huwa na silimarini asilimia 70 hadi 80, hivyo 200 mg zake zinakufikisha kwenye hiyo 140. Unga wa mbegu zilizosagwa tu una kama asilimia 2. Piga hesabu: kidonge cha 500 mg za unga kinakupa 10 mg. Kufika 420 umeze vidonge 42 kwa siku, na lebo inasema "kimoja, kutwa mara mbili"! Wa "chai ya ini" ndio hawana aibu kabisa, maana silimarini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Na hata dozi ikiwa kamili, haijathibitika kutibu homa ya ini B wala kurudisha ini lililosinyaa. Hilo nalo hamliandiki.

Mkibanwa mnakimbilia "10:1". Hiyo inaonyesha kilo ngapi za mmea zimetoa kilo moja ya dondoo, basi. Kiambato chenyewe kiko kiasi gani, haisemi.

Halafu alama za ORAC, zile za kupima nguvu ya antioksidanti. Kile ni kipimo cha kwenye chupa ya maabara, si cha ndani ya mwili. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya ORAC mwaka 2012 kwa sababu watu wa biashara waliitumia vibaya. Nyie bado mnaibandika.

Manjano nayo. Kurkumini, kiambato chake kikuu, hainyonywi vizuri, kwa hiyo mnachanganya na piperini ya pilipili manga. Piperini inafanyaje kazi? Inapunguza kasi ya vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyoshughulikia kurkumini. Yaani mnauza dawa ya ini inayolizuia ini lisifanye kazi yake! Dawa nyingine anazomeza mteja nazo zinaweza kupanda kwenye damu, na ini kuumia kutokana na vidonge vya manjano kumeshaandikwa na madaktari wa nchi kadhaa.

Linalokera kuliko yote ni dondoo la chai ya kijani. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilieleza kuwa EGCG, kiambato kikuu cha chai hiyo, ya 800 mg au zaidi kwa siku kutoka kwenye virutubisho inahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili ya ini kuumia. Tumbo likiwa tupu inanyonywa zaidi. Sasa soma kopo: "meza asubuhi kabla ya kula". Nani aliandika hivyo?

Mteja akianza kuwashwa mwili, kichefuchefu, mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano, wakala anamjibu "ni sumu inatoka, ongeza dozi". Huo ni uuaji. Sumu haitoki kwa njano ya macho; hiyo ni bilirubini, rangi ya njano itokanayo na chembe za damu zilizochakaa, iliyolishinda ini kuitoa.

Kwa anayeng'ang'ania kutumia: pima damu kuona vimeng'enya vya ini (ALT, AST, ALP) na bilirubini kabla ya kuanza, rudia baada ya wiki nne hadi nane. Tumia mmea mmoja kwa wakati, maana ukimeza mchanganyiko wa mimea kumi na mbili hakuna daktari atakayejua kipi kimekuumiza. Dai cheti cha maabara cha toleo husika (batch), chenye kiasi cha kiambato na vipimo vya madini ya risasi. ALT ikipita mara tatu ya kikomo cha juu cha kawaida na bilirubini ikapita mara mbili, hiyo ni dharura: acha vyote, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ubebe kopo lenyewe na vidonge vilivyobaki.