Mipira yangu yote inaishia kwa miti, nifanyeje?

Slaisi_Sugu: Wadau habari zenu. Nacheza gofu, nina hendikapu 24 (yaani bado si mkali), nimezoea viwanja vya wazi, sasa Jumamosi nikaalikwa klabu ya Muthaiga, Nairobi, pale karibu na msitu wa Karura, kufika shimo la 9 nishapoteza mipira 6. Feawei, ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea shimo, ni kama kichochoro, miti huku miti huku, nikipiga dreva (ile fimbo ya kupiga mbali) mpira unaanza poa halafu unakata kulia, ko! kwa shina, ndio kwaheri. Aliyechora uwanja alitaka tuteseke ama?

kadi_mstaafu: Pole bro. Dreva iache kwa begi. Nairobi tuko juu zaidi ya mita 1,600, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko Mombasa na unapotelea mbali vilevile. Mchoraji anataka kuona utasimama wapi kwa pigo la pili: njia ya shimo ikipinda kushoto na wewe ukakaa kushoto, matawi yanakuziba, ukikaa kulia grini, ile nyasi laini yenye shimo, yote unaiona. Aini 5, fimbo isiyopeleka mbali kama dreva, yatosha. Na ukiingia ndani ya miti usijifanye Tiger Woods, yule bingwa, nimebebea watu begi miaka mingi, mtu anaona katundu ka upana wa sahani kati ya miti mitatu anapiga kwa nguvu zote, mpira unarudi unampita sikioni. Geukia feawei, aini 6, mpira karibu na mguu wa kulia, bembea nusu tu upite chini ya matawi.

Mama_Poti: Na ukihisi umeingia msituni tangaza mpira wa akiba uupige kabla hujaenda kutafuta, tangu 2019 muda wa kutafuta ni dakika 3 si 5 tena. Majani makavu ondoa, tawi bichi usivunje. Tumbili akibeba mpira na mmemuona hakuna adhabu, unaweka mwingine palepale. Mimi alinibebea nikiwa na poti ya badi, yaani nisukume tu kwenye grini nimalize shimo pigo moja chini ya kiwango!!

Rafu_Tupu: Mi nasema miti mingine ikatwe tu. Nyasi ya kikuyu haipendi kivuli, grini nazo saa tatu bado zina umande. Uwanja wa Oakmont kule Marekani waling'oa miti maelfu na bado mashindano ya US Open ya 2025 pale ni mshindi peke yake alimaliza chini ya pari, yaani idadi ya mapigo iliyopangiwa uwanja.

kadi_mstaafu: Oakmont rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, ndio msitu wao boss, mpira ukizama humo hata kuuona ni shida.

Slaisi_Sugu: Haya, dreva inabaki kwa buti. Mama Poti lakini hiyo badi uliingiza?

Mama_Poti: Wapi. Jamaa alikuwa amekaa juu ya mti ananiangalia, mikono ikatetemeka.