Kakangu ana bipola, daktari asema aende kikundi cha kuzungumza pamoja na dawa. Chasaidia kweli?

Binti wa Mtongwe

Salaam aleikum jamani, anayejua anijibu maana hapa nyumbani tushavurugana. Kakangu ana miaka 27. Mwaka jana alikaa siku nne bila kulala, akaichukua tuktuk ya tajiri wake akaenda nayo mpaka Ukunda usiku, huko agawa pesa kwa watu asiowajua, na pesa zenyewe ni za kukopa kwa simu, kila mahali panapokopesha alikopa. Sisi tukadhani ni bangi. Kumbe ni bipola, ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, mara mtu achangamka kupita kiasi, mara azama kwenye huzuni. Sasa yuko kwa dawa ya lithiamu na alhamdulillahi ametulia, usiku yuwalala, kazini amerudi.

Juzi kliniki daktari akamwambia kuna watu kama kumi hivi wenye ugonjwa huo huo wanakutana kila Jumatano na kaunsela, na yeye aanze kwenda. Amekataa kabisa, asema mie siendi kukaa na wendawazimu. Mamangu naye asema kama maneno ni dawa basi angekuwa amepona zamani, kwani yeye ndiye amsemeshaye kutwa. Babangu hata hizo dawa hazitaki, amesikia zaharibu figo, yuwataka apelekwe akazinguliwe kwa kisomo na anyweshwe kombe. Mie ndiye niliyebaki katikati.

Suali langu, hicho kikundi chasaidia ama ni nauli ya bure? Na akianza kwenda watamwachisha dawa? Na Mombasa hii yetu ndogo, akikuta jirani huko je?

Abu Kisauni

Waleikum salaam dadangu. Mimi niko na bipola mwaka wa 9 sasa na kikundi nimekaa, wacha nikueleze nilivyoona mwenyewe.

Kwanza hakuna mtu atamwachisha dawa. Kikundi ni nyongeza ya dawa, si badala yake, na kwetu sisi kaunsela kitu cha kwanza akiuliza kila wiki ni nani aliyeruka vidonge na kwa nini. Na watu walikuwa wakisema ukweli kwa sababu wote tushawahi kuruka. Mimi nyumbani nilikuwa naficha, nikiulizwa umekunywa nasema ndio. Pale sikuweza kudanganya, mtu mwenye ugonjwa wako anakujua.

Siku ya kwanza sikufungua mdomo. Ya pili pia. Ya tatu tukaambiwa kila mtu aandike kwa karatasi mambo yanayomtokea KABLA hajapanda, si akishapanda, kabla. Nikasema mimi sina, mimi huja tu ghafla. Mama mmoja akasema yeye hujijua akianza kununua udi na marashi kwa deni, kijana mwingine akasema yeye huanza kutuma voisi ndefu saa tisa usiku kwa watu wa zamani. Hapo ndio nikakumbuka kuwa mara zote mbili nilizolazwa, wiki moja nyuma nilikuwa naamka usiku wa manane navuta makabati sebuleni, nataka nyumba yote ipangwe upya, na wala sioni usingizi wala kuchoka. Miaka yote hiyo sikuwa nimeunganisha. Sasa ile karatasi mke wangu ameibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, na tumekubaliana makabati yakianza kutembea tu, yeye anapiga simu kliniki na kadi ya benki anashika yeye. Tangu hapo imetokea mara moja, dawa ikaongezwa mapema, sikulazwa.

Hiyo ya jirani, kwetu kulikuwa na sharti, ukimkuta mwenzio Marikiti ama kwenye feri unamsalimia kama mpita njia, humuulizi mbele za watu. Kweli nilimkuta mtu wa mtaa wetu. Tukatazamana. Sasa ni rafiki yangu sana.

Mkaazi wa Changamwe

Mimi nitasema tofauti kidogo. Mimi nilipelekwa nikiwa nimeshuka vibaya, nimetoka hospitali wiki mbili tu, nikakaa pale nasikiliza mtu akieleza alivyotaka kujiua, nikarudi nyumbani nikazidi kuwa chini, sikuenda tena. Kwa hivyo isiwe lazima kwa kila mtu, na usimsukume kama hayuko sawa bado.

Nesi mstaafu

Wanangu nyote mmesema kweli. Wewe wa Changamwe pole sana mwanangu, ulipelekwa mapema mno, kosa halikuwa lako. Hivi vikundi vya mafunzo ni vya mtu akishatulia. Kuna utafiti ulifanywa Barcelona, Uhispania, ukatolewa 2003, na Francesc Colom na Eduard Vieta. Watu 120, wote wanatumia dawa, wote walikuwa wametulia angalau miezi 6. Nusu wakapewa kikundi cha mafunzo mara 21, dakika 90 kila mara, yaani kujua ugonjwa, dawa, usingizi, dalili za mapema. Nusu nyingine wakakutana mara 21 vilevile lakini bila mafunzo yoyote. Baada ya miaka 2, kati ya wale 60 wasiofunzwa ugonjwa uliwarudia 55. Waliofunzwa, 40. Si muujiza, 40 bado ni wengi, lakini ukiwa mama wa mmoja wa wale 15 utaelewa tofauti yake. Mwambie mama basi, kumsemesha kwake ni mapenzi na aendelee, haya ni masomo.

Kuhusu baba, msigombane naye, figo hakubahatisha. Lithiamu inaweza kugusa figo na tezi la shingo, ndiyo sababu damu hupimwa kila miezi michache, na kiwango cha lithiamu ndani ya damu ambacho wengi huwekwa ni kati ya 0.6 na 1.0 mmol/L. Hatari inakuja akikaukiwa maji, kwa kuhara ama kutapika ama joto letu hili la Februari na yeye yuko kwa tuktuk kutwa, na akinunua dawa za maumivu dukani kama ibuprofen ama diclofenac bila kuuliza. Akiona mikono inatetemeka kuliko kawaida, anayumba, ulimi mzito, asingoje siku ya kliniki, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kufunga Ramadhani vilevile azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kisomo msikikatae, lakini kifanywe mchana. Kuzinguliwa kwa kukesha ni kumnyima usingizi, na usingizi ukikatika hata usiku mmoja au miwili mwenye bipola anaweza kupanda. Hilo mwambie baba kwa upole, atalielewa.

Binti wa Mtongwe

Allah awalipe nyote, bi nesi nimekusomea baba jibu lako lote kwa sauti. Amenyamaza kitambo, halafu akauliza maji ya kunywa yule mtoto yuwabeba kwenye tuktuk? Nikamwambia habebi. Leo asubuhi nimeona amemtilia chupa kubwa ya lita 2 chini ya kiti.

Kakangu mwenyewe nilimwonyesha ile habari ya makabati. Ameisoma mara mbili, akaniambia "mie huanza na kukopa, lakini kabla ya kukopa mie huanza kuwapigia abiria wangu simu niwaulize hali." Hakuwahi kunambia hilo. Jumatano asema ataenda ila nivuke naye feri nimfikishe mpaka mlangoni, ndani hataki niingie.

Abu Kisauni

Mwache aingie peke yake. Na hilo la kuwapigia abiria aliandike leo leo kabla hajasahau.